Madhabahu na Daftari la Madeni: Uhuru wa Dini na Nia Nyingine katika Kuanzishwa kwa Makoloni ya Awali ya Amerika ya Kaskazini, 1606–1688

Utangulizi

Insha hii inachunguza nia zilizowasukuma Waingereza, na kwa kiasi fulani Waholanzi, kuanzisha makoloni katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17. Katika maelezo yaliyozoeleka, makoloni hayo hugawanywa katika mafungu mawili: Virginia iliyotafuta mali, na New England iliyotafuta uhuru wa kuabudu. Mgawanyo huo una ukweli ndani yake, lakini haustahimili uchunguzi wa karibu wa kumbukumbu walizoziacha walowezi wenyewe.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani ilikuwa na nguvu ya kutosha kuwahamisha watu kutoka nchi yao na kuwavusha bahari, lakini suala la nani aruhusiwe kubaki ng'ambo, na aabudu vipi, liliamuliwa mara nyingi zaidi na madeni, ardhi na uhaba wa watu. Kusema hivyo si kudai kwamba dini ilikuwa kisingizio tu. Mtu anayekubali kufungwa, kufilisiwa au kunyongwa kwa ajili ya imani yake hawezi kuitwa mnafiki kwa sababu tu safari yake iligharimiwa na mfanyabiashara.

Mwanafunzi wa historia wa Afrika Mashariki huzoeshwa kumwona mmisionari, mfanyabiashara na mpelelezi kama mawakala watatu wa ukoloni, kila mmoja na kazi yake. Katika makoloni yanayojadiliwa hapa, watu hao watatu mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Ni vema pia kutenganisha mapema istilahi mbili zinazochanganywa: ruhusa ya kuabudu na haki ya kuabudu. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, naye anaweza kuirudisha mfukoni siku atakapoona inafaa. Haki haimtegemei mtoaji. Karibu kila koloni lililotajwa kuwa la uhuru wa dini lilitoa ruhusa, na ni machache mno yaliyokaribia haki.

Virginia: kampuni iliyokuwa na kanisa

Mnamo Aprili 1606, Mfalme James I aliipa Kampuni ya Virginia hati ya kifalme. Hati hiyo ilitaja kueneza dini ya Kikristo kwa wenyeji, na papo hapo ikaeleza kwa kina zaidi namna ya kuchimba dhahabu, fedha na shaba, na fungu ambalo mfalme angepata. Walowezi wa kwanza walifika Jamestown mwaka 1607. Dhahabu haikupatikana. Majira ya baridi ya mwaka 1609 hadi 1610 yaliwaua wengi wao kwa njaa na maradhi, na koloni liliokolewa na tumbaku ambayo John Rolfe alianza kuistawisha miaka michache baadaye.

Si sahihi, hata hivyo, kusema kwamba Virginia haikujali dini. Sheria kali zilizotungwa kuanzia mwaka 1610 ziliwalazimisha walowezi kuhudhuria ibada kila siku, na adhabu za watoro zilifika hadi kifo. Kilichokosekana ni uhuru, kwani Kanisa la Uingereza ndilo lililokuwa kanisa la koloni. Dini hapa ilitumika kuwatia nidhamu watu waliokuwa wakifa kwa wingi na wasioona sababu ya kumtii mtu yeyote.

Kutoka Leiden hadi Plymouth

Kisa cha Plymouth ndicho kinachosimuliwa zaidi, na kwa sababu hiyo kinastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Kundi la Waprotestanti wa kijiji cha Scrooby na vitongoji vyake, waliolihesabu Kanisa la Uingereza kuwa limeharibika kiasi cha kutorekebishika, liliamua kujitenga nalo. Sheria ya mwaka 1593 iliwaruhusu watawala kuwafunga na kuwafukuza nchini watu wa namna hiyo. Kati ya mwaka 1607 na 1608 walitorokea Uholanzi, wakakaa kwanza Amsterdam, kisha wakahamia Leiden mwaka 1609.

Hapa ndipo simulizi la kawaida linapokwama. Huko Leiden walikuwa huru kuabudu. Walikuwa na mchungaji wao, John Robinson, na hakuna aliyewalazimisha kuingia kanisa jingine. Ikiwa uhuru wa dini ndio uliokuwa haja yao pekee, safari ilikuwa imekwisha, na meli ya Mayflower isingekuwa na sababu ya kung'oa nanga.

William Bradford, aliyekuwa mmoja wao na baadaye gavana wa Plymouth, alieleza sababu za kuondoka, na maelezo yake hayana majivuno. Kazi za Leiden, hasa za viwanda vya nguo, zilikuwa ngumu na malipo yake haba. Bradford mwenyewe alikuwa mfumaji. Watu walizeeka kabla ya wakati. Watoto waliofanyishwa kazi nzito walikuwa wakidhoofika, na baadhi yao wakivutwa na maisha ya vijana wa Kiholanzi na kuacha njia za wazazi wao. Muda wa amani kati ya Uholanzi na Hispania ulikaribia kwisha mwaka 1621, na vita vilitarajiwa. Mwisho aliongeza tumaini la kueneza injili katika nchi za mbali. Inafaa kuongeza kwamba mwaka 1619 serikali ya Uingereza iliwashinikiza Waholanzi wamkamate William Brewster, mzee wa kanisa hilo, kwa vitabu alivyokuwa akivichapa. Kwa hiyo hata usalama wa Leiden ulikuwa na mipaka. Lakini tukizipima sababu hizi kwa pamoja, tunaona kundi lililokuwa na uhuru wa kuabudu na kukosa njia ya kuurithisha. Walihofia kwamba wajukuu wao wangekuwa Waholanzi maskini.

Kwa kuwa hawakuwa na fedha, walimgeukia Thomas Weston, mfanyabiashara wa London, aliyekusanya watu wapatao 70 wa kutia mtaji. Hisa moja ilikuwa pauni 10, na kila mlowezi mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alihesabiwa kuwa na hisa moja kwa nafsi yake. Kwa miaka 7 kila kitu kingekuwa mali ya ushirika, kisha mtaji na faida vingegawanywa. Mapatano ya awali yaliwaachia walowezi nyumba na bustani zao, pamoja na siku mbili za wiki za kujifanyia kazi zao. Wafanyabiashara wakayafuta yote mawili. Watu wa Leiden walikataa kutia sahihi huko Southampton, naye Weston akaondoka kwa hasira bila kuwalipia gharama zilizobaki. Iliwabidi wauze sehemu ya siagi waliyoiweka akiba ya safari ili wapate kuondoka bandarini. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote hali halisi ya watu hawa.

Mayflower ilibeba abiria 102, na waliotoka katika kanisa la Leiden walikuwa chini ya nusu. Wengine walikuwa mafundi, watumishi na familia zilizotafuta maisha. Meli ilipofika Cape Cod mnamo Novemba 1620, nje ya eneo lililotajwa katika kibali chao, baadhi ya abiria hao walianza kusema kwamba hakuna mwenye amri juu yao tena. Mkataba maarufu uliotiwa sahihi na wanaume 41 ndani ya meli uliandikwa kuzuia mfarakano huo. Unamtaja Mungu na mfalme, lakini haukuahidi uhuru wa dini kwa yeyote.

Karibu nusu yao walikufa kabla ya majira ya joto. Mwaka 1621 meli ya Fortune ilileta barua ya Weston iliyolalamika kwamba Mayflower ilirudi Uingereza bila shehena. Bradford alijibu akimkumbusha ni wangapi waliokuwa wamezikwa, kisha, pamoja na uchungu wake, akatia sahihi masharti ambayo wenzake walikuwa wameyakataa Southampton. Fortune ilirudishwa ikiwa na mbao na ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, zote zikiwa na thamani ya takriban pauni 500. Wafaransa wakaipora njiani. Mwishowe wawekezaji wa London walikubali kuuza hisa zao kwa pauni 1,800, za kulipwa pauni 200 kila mwaka. Bradford na wenzake wachache walilibeba deni hilo kwa sharti la kupewa peke yao biashara ya ngozi ya koloni, na iliwachukua miaka mingi kupita ile waliyotarajia kulimaliza. Tangu hapo ngozi ya biva iliamua mambo mengi Plymouth: wapi pajengwe kituo, nani afanywe rafiki, na nani aonwe mshindani.

Massachusetts: uhuru wa nani?

Wapuritani walioanzisha koloni la Massachusetts Bay walikuwa watu wa namna nyingine. Hawakujitenga na Kanisa la Uingereza, walitaka kulitakasa. Wengi wao walikuwa na elimu na mali. Hati yao ya mwaka 1629 ilikuwa ya kampuni ya biashara, nayo haikutaja mikutano ya kampuni ifanyike wapi. Wakaitumia nafasi hiyo kwa ustadi: waliichukua hati pamoja nao, na kampuni ikageuka kuwa serikali iliyo mbali na macho ya mfalme. Mwaka 1630 John Winthrop aliongoza msafara wa meli 11.

Winthrop alikuwa ameandika hoja zake kabla ya kuondoka. Alitaka kupeleka injili, kujenga ngome dhidi ya Wajesuiti, na kuliepusha kundi lake na hukumu aliyoamini inaikaribia Ulaya. Pamoja na hayo alilalamika kwamba Uingereza ilijaa watu na gharama za maisha zilipanda, ilhali ng'ambo kulikuwa na ardhi ambayo wenyeji, kwa kuwa hawakuizungushia ua, hawakuwa na haki kamili juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa na familia kubwa, na mapato yake yalikuwa yakipungua. Msomaji asitafute ni hoja ipi ilikuwa ya kweli na ipi ya bandia. Winthrop aliamini kwamba Mungu husema na waja wake kupitia hali zao za maisha, hata za mfuko.

Uhuru waliouvukia bahari ulikuwa wa kujenga jamii moja ya kimungu bila kuingiliwa. Kuanzia mwaka 1631 haki ya kupiga kura ilitolewa kwa wanaume waliokubaliwa kuwa washirika wa kanisa. Roger Williams, mchungaji aliyefika mwaka huohuo, alipinga mambo mawili ambayo watawala hawakuweza kuyavumilia. Alisema serikali haina mamlaka ya kuadhibu makosa ya dhamiri, na kwamba mfalme hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji bila kuinunua kwao. Kauli ya kwanza iliwaudhi kwa imani, na ya pili iligusa uhalali wa kila shamba la koloni. Mnamo Oktoba 1635 alihukumiwa kufukuzwa, akaondoka katikati ya baridi, na mwaka 1636 akaanzisha Providence katika ardhi aliyopewa na Canonicus na Miantonomi, viongozi wa Wanarragansett. Anne Hutchinson, aliyewafundisha watu nyumbani kwake, alihukumiwa mwaka 1637 na kutengwa na kanisa mwaka uliofuata. Kati ya mwaka 1659 na 1661 Boston iliwanyonga Wakweka wanne, akiwemo mwanamke Mary Dyer, ambaye alikuwa amefukuzwa na akarudi kwa hiari yake akijua kinachomngoja. Wakweka hao, ambao hujiita Marafiki, wana leo waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipofunguliwa mwaka 1902.

Rhode Island, koloni lililozaliwa kutokana na kufukuzwa huko, ndilo lililokaribia zaidi kuifanya ibada kuwa haki. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1644, Williams alitaka uhuru wa dhamiri uwafikie Wayahudi, wapagani na hata Waislamu, ambao kwa desturi ya wakati wake aliwaita Waturuki. Hakusema hivyo kwa sababu aliziona dini zote kuwa sawa. Alikuwa mkali wa imani kuliko wale waliomfukuza, na aliona kwamba ibada inayolazimishwa humchukiza Mungu. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, huyu ndiye mtu ambaye kwake sababu ya kiuchumi inaeleza machache kabisa. Hati ya kifalme ya mwaka 1663 iliuthibitisha uhuru huo.

Uvumilivu kama mtaji

Kwingineko, mlango ulifunguliwa kwa sababu nyingine. Maryland ilitolewa mwaka 1632 kwa Cecilius Calvert, Lord Baltimore wa pili, Mkatoliki katika nchi ambayo Wakatoliki walitozwa faini kwa kutohudhuria kanisa la taifa. Alitaka kimbilio kwa watu wa imani yake. Alitaka pia kodi ya ardhi, na Wakatoliki matajiri waliokuwa tayari kuhama walikuwa wachache. Meli za Ark na Dove zilipofika mwaka 1634, wengi wa abiria walikuwa Waprotestanti, na Calvert alikuwa amewaagiza Wakatoliki wafanye ibada zao kwa faragha wasije wakawaudhi. Sheria ya dini ya mwaka 1649 iliwalinda Wakristo waliouamini Utatu Mtakatifu. Aliyeukana aliweza kuuawa. Mwaka 1654 Wapuritani, ambao Maryland ilikuwa imewapokea walipofukuzwa Virginia, walishika madaraka na kuifuta sheria hiyo, wakiwanyima Wakatoliki ulinzi. Sheria ilirudishwa baadaye, lakini mwaka 1692 Kanisa la Uingereza lilifanywa kanisa rasmi la koloni, na mwaka 1718 Wakatoliki wakanyimwa kura katika koloni lililoanzishwa kwa ajili yao. Hivyo ndivyo ruhusa inavyoisha.

Kumbukumbu zilizo wazi kuliko zote ni za New Amsterdam, mji wa Waholanzi ambao leo ni New York. Mwaka 1654 walifika Wayahudi 23 waliokimbia Recife, Brazili, baada ya Wareno kuuteka tena mji huo. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kuwafukuza. Wakurugenzi wa Kampuni ya West India walimjibu mwaka 1655 kwamba jambo hilo lisingekuwa la haki, kwa kuwa Wayahudi walipata hasara kubwa Brazili na bado walikuwa na mtaji mkubwa ndani ya kampuni. Miaka miwili baadaye wakazi wa Flushing walimwandikia Stuyvesant kupinga amri yake ya kuwazuia watu kuwapokea Wakweka. Waandishi hao walijenga hoja yao juu ya upendo na neno la Mungu, na baadhi yao wakafungwa. Mmoja wa wakazi wa hapo, John Bowne, alifukuzwa kwa kuwakaribisha Wakweka nyumbani kwake, akaenda kujitetea Amsterdam, na mwaka 1663 kampuni ilimwelekeza gavana asizilazimishe dhamiri za watu, isije ikawafukuza wahamiaji ambao koloni liliwahitaji. Watu wa Flushing na wakurugenzi wa Amsterdam walifikia jibu lilelile, lakini upande mmoja ulisoma Biblia na mwingine ulisoma hesabu.

William Penn aliziweka nia hizo mbili katika kifua kimoja. Alikuwa Mkweka aliyewahi kufungwa kwa ajili ya imani yake, na alikuwa mrithi wa deni la pauni 16,000 ambalo Mfalme Charles II alidaiwa na baba yake. Mwaka 1681 mfalme alimpa Pennsylvania kufuta deni. Penn aliahidi uhuru wa dhamiri kwa wote waliomkiri Mungu mmoja, na wakati huohuo akauza ekari 5,000 kwa pauni 100, akieneza vijitabu vya kuisifu nchi hiyo hadi kwa wasomaji wa Kiholanzi na Kijerumani. Ahadi ya uhuru ilikuwa imani yake na pia tangazo lake la biashara. Biashara hiyo haikumfaa. Uzeeni alifungwa kwa sababu ya madeni.

Waliolipa gharama

Uchambuzi wa nia za walowezi hauwezi kukamilika bila kuwataja watu ambao nia hizo ziliwapita juu. Mahali pa Plymouth palikuwa kijiji cha Patuxet, kilichomalizwa na maradhi kati ya mwaka 1616 na 1619. Walowezi walilima mashamba yaliyokwisha kufyekwa na marehemu, wakayaona kuwa majaliwa ya Mungu. Mwaka 1637 majeshi ya New England na washirika wao wenyeji waliichoma ngome ya Wapequot huko Mystic, wakaua mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Baadhi ya mateka walipelekwa kuuzwa visiwani katika bahari ya Karibi kwa meli ya Desire, nayo mwaka 1638 ilirudi Massachusetts na pamba, tumbaku na Waafrika watumwa.

Kwa Waafrika swali la dini lilikuja kwa sura ya pekee. Mwaka 1619 Waafrika wapatao 20, waliotekwa kutoka meli ya Kireno iliyopakia Luanda, walishushwa Virginia. Kwa muda ilidhaniwa na baadhi ya watu kwamba Mkristo hawezi kumfanya Mkristo mwenzake mtumwa, na baadhi ya watumwa walidai uhuru kwa hoja ya kwamba wamebatizwa. Mwaka 1667 baraza la Virginia lilitunga sheria kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa, likaeleza kwamba sasa mabwana, wakiwa wameondolewa shaka hiyo, wangeweza kueneza Ukristo kwa bidii zaidi. Katiba iliyoandikwa kwa ajili ya Carolina mwaka 1669 ilikwenda njia hiyohiyo. Iliruhusu watu 7 kuunda kanisa lolote walitakalo, ikamruhusu hata mtumwa kujiunga nalo, na ikampa bwana wake mamlaka kamili juu yake, awe wa dini yoyote.

Mwaka 1688 wanaume wanne wa Germantown, Pennsylvania, akiwemo Francis Daniel Pastorius, waliwaandikia Wakweka wenzao wakiuliza inakuwaje nchi yenye uhuru wa dhamiri isiwe na uhuru wa mwili. Mkutano wa mwezi uliona suala hilo ni zito mno, ukalipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka. Nao ukalipeleka kwenye mkutano wa mwaka huko Burlington, ambako iliamuliwa kwamba haifai kulitolea hukumu. Karatasi ikawekwa kando, na haikuonekana tena hadi mwaka 1844.